Mazoezi Mbele ya Boksi la Majani ya Chai

Kamera yetu ya kwanza ilikuwa boksi la majani ya chai. Nililitoboa tundu upande mmoja, nikabandika mfuniko wa kopo la maziwa ya unga uwe kioo, nikalipandisha juu ya stuli mbili sebuleni kwa mjomba, mtaa wa Mwembesongo, Morogoro. Mjomba alilitazama akacheka mpaka akakohoa.

"Hili ndilo litakalonirudisha kazini?"

Nikamwambia aache kucheka, akae kwenye kiti. Nilikuwa na hasira za karibu siku zile, na sijaziacha mpaka leo. Aliketi, lakini akakaa upande, kama anayemsubiri mtu atoke chumba cha pili. Ilibidi nimshike mabega nimgeuze alielekee boksi.

Mjomba alikuwa kaka wa mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Wangu alikuwa na neno juu ya ada yangu, juu ya viatu vyangu, hata juu ya urefu wa sketi zangu, na sikumbuki neno lake hata moja lililoniumiza. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kamba za katani, Kihonda. Aliingia pale kijana, akifagia vumbi la katani chini ya mashine, na alipofikia umri wa miaka hamsini hapakuwa na mashine pale ambayo hakuwahi kuifungua na kuifunga tena.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Maduka yalijaa, mitumba ikamwagwa chini sokoni kama mahindi, na viwanda vya serikali vikaanza kufungwa kimoja kimoja. Kile cha mjomba kilifungwa "kwa ukarabati". Wafanyakazi walirudi nyumbani kusubiri, na wakasubiri mpaka wakaacha kuulizana habari. Siku moja tukasikia kimepata mwekezaji kutoka ng'ambo, naye atawachukua baadhi ya watu wa zamani. Baadhi, si wote.

Wenye kiwanda wapya hawakuwa na nafasi ya kuja Morogoro kuzungumza na kila mtu, lakini walitaka kuwaona watu wenyewe, sura na maneno. Wakaamua kila anayetaka kurudi aketi mbele ya kamera ya video, ajibu maswali kwa Kiswahili, kisha kanda zisafirishwe huko kwao zitafsiriwe na kutazamwa. Maswali yalibandikwa getini wiki tatu kabla ili kila mtu ajiandae. Yalikuwa matano tu. Lile lililowatisha wengi lilisema: eleza siku uliyotatua tatizo kubwa kazini.

Na mimi, kwa bahati ambayo wakati ule niliiona nzuri, nilikuwa mtu wa video. Nilifanya kazi mjini katika duka la kukodisha kanda. Mwenye duka alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Morogoro, mtu wa swala tano na mwenye maneno machache. Nilimwita tajiri, kama wafanyakazi wote wanavyowaita waliowaajiri. Tajiri alikuwa na kamera kubwa ya kubeba begani ambayo alipigia picha harusi, na kiwanda kilimkodi yeye kurekodi mahojiano. Mimi nilikuwa nimekwenda naye kwenye harusi nyingi kushika taa. Nilijua jinsi mtu anavyobadilika mwanga ukimpiga usoni, nimewaona maharusi wakisahau hata kupepesa macho. Basi nikajiona mjuzi, nikamwambia mjomba atapita, nami nitahakikisha anapita.

Alihitaji kupita. Asipopita, iliyobaki ilikuwa kurudi juu milimani, kupita Mlali, kwenye shamba la ukoo, kulima kabichi kwenye miteremko ambayo goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kuikataa. Wanawe wawili walikuwa bado wanasoma. Hayo aliyasema wazi. Ambalo hakulisema, ila sisi nyumbani tulikuwa tukiliona, ni kwamba tangu kiwanda kifungwe alikuwa amekwisha fungua na kufunga kila kitu ndani ya nyumba chenye skrubu. Redio ilifunguliwa mara nne, na haikuwa imeharibika.

Siku ya kwanza ya mazoezi tulikwama kabla ya swali la kwanza. Nilivaa koti lake la kanisani, nikakunja uso, nikasema kwa sauti nzito, "Jitambulishe."

Mjomba akaninyamazia.

"Mjomba, jitambulishe!"

"Hujaniamkia."

"Mimi sasa si mimi. Mimi ni mwajiri."

"Hata mwajiri ana wazazi wake. Anamhoji mtu mzima bila kumwamkia?"

Nikampa shikamoo nikiwa ndani ya koti lake, akanijibu marahaba, akaniuliza na habari za kazini kwangu, ndipo akajitambulisha. Mke wake, ambaye mimi nilimwita mama, alikuwa akichambua mchicha mlangoni. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

Tulifanya mazoezi kila Jumapili baada ya misa, na siku za kazi mara nikitoka dukani jua likiwa bado lipo. Nilimsumbua sana. Nilimwambia atazame mfuniko wa kopo, asitazame miguu yangu. Nilimwambia aache kusema "sisi". Kila nilipomuuliza amefanya nini, alijibu tulifanya, tulifunga, tulitengeneza.

"Wewe, mjomba. Wewe ulifanya nini?"

"Nilikuwepo."

"Sema: nilitengeneza mimi."

"Chema chajiuza, mwanangu. Kibaya ndicho chajitembeza."

"Sasa hivi hata chema kinatembezwa. Huoni mitumba?"

Alikubali shingo upande. Wiki ya pili alikuwa anasema "nilitengeneza" huku akikwaruza goti kwa aibu. Niliongeza ukali wa mazoezi. Nikaazima taa ya dukani nikammulika usoni. Nikaweka saa ya mezani juu ya boksi. Nikambadilishia mpangilio wa maswali ili asikariri. Nikajifanya nimekasirika, nikajifanya nina haraka, nikajifanya namdharau. Kila kitu ambacho mwajiri angeweza kumfanyia, nilimfanyia kwanza mimi.

Swali la tatizo kubwa tuliliacha mwisho, kwa sababu pale ndipo alipokuwa na mali. Kisa chenyewe nilikuwa nimekisikia tangu utotoni, lakini jioni ile alikisimulia kama mgeni.

"Ilikuwa zamu ya asubuhi," alianza.

"Ehee," nikasema.

"Nilikuwa bado niko nje ya geti. Sijaingia."

"Ehee."

"Nikasikia sauti. Ile mashine kubwa ya kusokota ilikuwa inaimba, lakini siyo wimbo wake."

"Haa! Kumbe ilikuwaje?"

"Ilikuwa inapumua. Mashine iliyo nzima haipumui."

"Naam."

Akaeleza alivyokimbia akamwacha mlinzi akipiga kelele, alivyokata umeme kabla hajamwambia mtu, alivyotukanwa na msimamizi mbele ya zamu nzima. Akaeleza walivyoifungua wakakuta mhimili umeanza kupasuka, na kina mama waliokuwa wamesimama ubavuni mwa mashine wangekatwa vichwa. Nilikuwa na saa mbele yangu na sikuitazama. Mama aliacha mchicha wake akajipenyeza mpaka karibu na boksi, akawa naye anaitikia, "Eti! Wee! Halafu?" Mjomba alipomaliza aliinuka bila kuambiwa, uso umemwiva, mikono bado imeshika mhimili usiokuwepo. Nikajua kazi ameipata.

Siku tatu kabla ya mahojiano nilimwomba tajiri atuache tujaribu kwa kamera ya kweli. Alikubali, bila malipo, na akairekodi yeye mwenyewe nyuma ya duka. Kisha akatuwekea kanda kwenye televisheni tuitazame. Mjomba alijitazama kwa mshangao.

"Mbona nimezeeka hivi?"

"Kamera inaongeza miaka, mzee," tajiri alimwambia kwa heshima. "Lakini umezungumza vizuri sana." Kisha akanigeukia mimi. "Ila wewe dada, kelele zako zimo humu kuliko zake. Ehee, ehee, kanda nzima."

Nilicheka. Nikaona ni manung'uniko ya mpiga picha anayetaka kanda safi. Nimelirudia neno lile kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Aliniambia. Mtu alinifungulia mlango akanionyesha nilichokosea, nami nikacheka, nikamsaidia mjomba kuvaa koti lake.

Mahojiano yalifanyika katika ukumbi wa chakula wa kiwanda. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani na kiti kimoja kimewekwa katikati. Tajiri alikuwa nyuma ya kamera. Mimi nilikuwa nyuma ya tajiri, kazi yangu kubadilisha kanda na kuandika namba za watu kwenye lebo. Msomaji wa maswali alikuwa kijana mtanashati aliyetumwa kutoka Dar es Salaam, mpole, shati limepigwa pasi. Alitutangazia utaratibu akiwa amesimama.

"Nitasoma swali, kisha nitanyamaza. Sitasema lolote wala kutikisa kichwa, ili kila mtu apate haki sawa. Na nyinyi wawili pia naomba kimya kabisa. Sauti ya mtu mwingine ikiingia, kanda ya huyo anayehojiwa haitapelekwa."

Sikushtuka hata hapo. Nilikuwa natafuta kalamu.

Waliotangulia walifanya vizuri. Kulikuwa na vijana wa mjini ambao wangeweza kuzungumza na nguzo ya umeme, na bwana mmoja aliyezoea kuhutubia mikutano ya wafanyakazi, ambaye hakuhitaji mtu amsikilize ili aendelee. Mjomba aliingia wa saba. Alimpa kila mtu mkono, akaketi, akaielekea kamera bila kuambiwa. Nilijivuna. Kijana alimwamkia shikamoo, nikaona mjomba ametulia moyoni. Alijitambulisha vizuri, jina, kazi, miaka.

Kisha kijana akasoma swali la tatizo kubwa, akanyamaza.

"Ilikuwa zamu ya asubuhi," mjomba alisema.

Akasubiri.

Hapo ndipo nilipojua. Nilijua kwa mwili kabla ya akili, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa umekwisha inuka. Pale palikuwa mahali pangu. Kule kwetu mtu hazungumzi peke yake. Anayesimulia anashika upande mmoja wa maneno na anayesikiliza anashika upande wa pili, kama watu wawili wanaobeba kitanda. Ukimnyamazia anayesema, unamwambia mojawapo ya mambo mawili: sikuamini, au yatosha, nyamaza. Hata mtoto mdogo analijua hilo, na hakuna anayefundishwa. Wiki tatu nilikuwa nimemfanyia mjomba ukali wote wa waajiri, dharau yao, haraka yao na taa yao. Kimya tu sikumfanyia hata mara moja, kwa sababu sikujua kwamba nilikuwa naitikia.

"Nilikuwa bado niko nje ya geti," mjomba alisema, kwa sauti kubwa kidogo, kama aliyedhani hajasikika.

Kimya. Alimtazama kijana. Kijana, kwa adabu yote aliyokuwa nayo, akatazama karatasi. Mjomba akatazama kamera. Tajiri alikuwa amefumba jicho moja. Ndipo mjomba akanitafuta mimi nyuma ya bega la tajiri, akaniona, akasema moja kwa moja kwangu:

"Nikasikia sauti."

Nilivuta pumzi. Ehee ilikuwa mdomoni, imekwisha iva, nikaibana kwa meno. Nikiitoa, kanda haipelekwi. Nisipoitoa, hana kanda ya kupeleka. Sikuwa na uwezo hata wa kutikisa kichwa, kijana alikuwa ananitazama. Nilifumbua macho tu kwa nguvu zangu zote, nikitumaini mjomba atayasoma. Sijui aliyasoma vipi. Nadhani aliona mpwa wake aliyemlea ameduwaa mbele yake kama anayesikia aibu.

"Basi," alisema.

Kijana alisubiri muda uliopangwa uishe, na muda ulikuwa mrefu kweli, mjomba amekaa na mikono juu ya magoti. Nje lori likapita likipiga honi. Likasomwa swali la udhaifu: udhaifu wako ni upi? Tulikuwa tumeliandaa jibu lake kwa siku nne: kwamba huudhika akiona chombo kinatumiwa vibaya.

"Nina udhaifu mwingi," mjomba alisema.

Na swali la mwisho, kwa nini tukuchukue wewe?

"Mkiona inafaa."

Alishukuru, akatoa mkono tena kwa kila mtu, mpaka kwangu. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Baada yake alikuwepo mtu wa nane, nami nikaandika namba nane kwenye lebo.

Majina yalibandikwa getini mwezi uliofuata. Hakwenda kutazama, nilikwenda mimi. Nililisoma lile karatasi juu hadi chini, kisha chini hadi juu, nikarudi nyumbani kwa miguu kutoka Kihonda ili nichelewe. Nilipofika alikuwa ameketi barazani na redio imefunguliwa mapajani mwake. Hakuniuliza. Aliniangalia tu ninavyovua viatu, akarudi kwenye skrubu zake. Ilipita saa nzima ndipo akasema:

"Mwanangu, wewe ulikuwepo mle ndani. Nilikosea wapi?"

Ningeweza kumwambia. Ningesema hukukosea wewe, nilikosea mimi. Lakini niliwaza kwamba nikimweleza, atajua kwamba kazi ilikuwa mkononi mwake kabisa, na imemponyoka kwa kitu kidogo kuliko skrubu. Hayo ndiyo niliyojidanganya nayo. Ukweli ni kwamba niliogopa kupoteza ile namna aliyokuwa akinitazama.

"Sijui, mjomba," nikasema.

"Sijui na mimi," akasema. "Nadhani sikupaswa kusema nilitengeneza mimi."

Hata hakuwa amefika kwenye sehemu ile ya kisa.

Kabla ya masika alihamia juu, mama na watoto wakabaki mjini mpaka shule ifunge. Nilimtembelea mara moja, nikapanda kutoka Mlali na mkate na sukari. Jioni majirani walikuja wakakaa jikoni penye moto, na mtu akamwomba kisa cha mashine. Alikisimulia chote, geti, sauti, mlinzi, mhimili. Wale wakulima wa kabichi ambao hawajawahi kuona kiwanda walimwitikia kila kauli, wengine walikuwa wakiitangulia, na kisa kilichukua muda wa kuiva sufuria ya maharage. Walipocheka alicheka nao. Mimi nilikaa nyuma ya mlango nikashindwa kuitikia hata mara moja. Asubuhi alinisindikiza mpaka njia kuu, akishuka upande upande kwa ajili ya goti.

Niliporudi dukani, tajiri alinionyesha maboksi mawili ya kanda. Zilikuwa nakala za mahojiano, alizoziweka mpaka kiwanda kithibitishe kwamba zile nyingine zimefika. Zimefika zamani, alisema, na Jumamosi kuna harusi, kanda ni ghali, nizirudishe zote mwanzo tuzirekodie tena. Kisha akaenda kuswali adhuhuri, akaniachia duka.

Nilifunga mlango nikaitafuta kanda ya mjomba kwa lebo niliyoiandika mwenyewe, nikaiweka kwenye mashine. Alitokea akiwa amevaa lile koti, ananielekea. Akajitambulisha. Swali likasomwa. Akasema ilikuwa zamu ya asubuhi. Akasema alikuwa nje ya geti. Akainua macho kutoka kwenye kioo akatazama juu kidogo, mahali nilipokuwa nimesimama siku ile.

"Nikasikia sauti."

Katika kile kimya, ukiongeza sauti ya televisheni, anasikika mtu akivuta pumzi. Ni mimi. Pumzi inaingia, haitoki.

Sikuwa na wa kunizuia mle dukani.

"Ehee, mjomba," nikasema.

Akasubiri kidogo, akasema, "Basi."